Tabora Yetu Niliisoma kwa Kijerumani

Huku Ujerumani kuna makabati ya vitabu barabarani, kabati la vioo kabisa kama lile la kuwekea chipsi kule kwetu, mtu akimaliza kitabu chake anakuja anakiacha humo, anayetaka anachukua, hakuna mlinzi wala daftari la kusaini, na cha ajabu vitabu vipo tu na kabati lenyewe halijaibiwa. Wakati ule nilikuwa nasomea uhudumu wa wazee hapa München na nina mtihani wa lugha mbele yangu, kwa hiyo kila nikitoka shifti ya usiku, nikiwa nasubiri tramu, napita pale naokota chochote. Riwaya za mapenzi, vitabu vya mapishi, kuna siku nilibeba mwongozo wa kufuga nyuki nikausoma wote, maana mi mtu wa Tabora bwana, asali naijua.

Asubuhi moja ya Novemba, baridi ile ya kukata masikio, nikavuta kitabu kinene kimevimba kwa unyevu, nikakifungua huku mwishoni (ninayo hiyo tabia mbaya, kitabu huwa nakionja kwa nyuma kwanza), jicho likatua kwenye neno Kazeh.

Kama we si mtu wa kwetu hilo neno halikwambii kitu. Kazeh kilikuwa kituo cha misafara, pale pale ilipo Tabora ya leo au jirani yake kabisa, ndipo walipokuwa wanapumzika wafanyabiashara wa Kiarabu na wapagazi waliotoka pwani kabla ya kuendelea Ujiji. Mwalimu wetu wa historia alilitaja mara moja tu kidato cha pili, tukaandika, tukasahau. Na mimi sasa nimesimama kwenye theluji ya kwanza ya mwaka nalisoma kwa Kijerumani. Tramu ikaja ikaondoka sikupanda.

Kitabu chenyewe kinaitwa Der Weltensammler, kwa Kiswahili ungesema mkusanya dunia hivi. Kilitoka 2006 na mwaka huo huo kikachukua tuzo ya maonyesho ya vitabu ya Leipzig. Kinamhusu Richard Burton, yule msafiri Mwingereza wa karne ya 19, na kimegawanyika mara tatu, kwanza India, halafu Uarabuni, halafu huku kwetu. Hiyo sehemu ya huku kwetu ndo iliyonikamata, kwa sababu anayesimulia ni mzee wa Zanzibar, Sidi Mubarak Bombay, anakaa na wenzake anawahadithia safari alizowaongoza hao wazungu.

Huyu mzee alikuwepo kweli. Alikuwa Myao, alikamatwa akiwa mtoto, akauzwa Kilwa, akapelekwa India, na jina la Bombay ndo alikolitoa huko. Bwana wake alipokufa akawa huru akarudi Zanzibar. Mwaka 1857 akaungana na Burton na Speke, na Speke alikuwa anaongea naye Kihindustani maana ndo lugha waliyoelewana, hebu fikiria, Myao na Mwingereza wanatembea katikati ya Unyamwezi wanaongea Kihindi. Baadaye akaenda na Stanley, akaenda na Mwingereza mwingine, Cameron, mpaka bahari ya upande wa pili, huko Angola. Sisi shuleni tulifundishwa Speke kaona ziwa, Stanley kamkuta Livingstone. Jina la Bombay mimi nimelijua nikiwa na miaka 27, kwenye kituo cha tramu.

Nikageuza kitabu nyuma nione mwandishi ni nani. Ilija Trojanow. Mbulgaria.

Nikasema hapana, Mbulgaria na Kazeh wapi na wapi, nikaanza kumtafuta kwenye simu humo humo ndani ya tramu iliyofuata. Kumbe kazaliwa Sofia 1965. Mwaka 1971, yeye na miaka sita, familia ikaikimbia nchi, wakapitia Yugoslavia na Italia mpaka Ujerumani, wakapewa hifadhi ya kisiasa hapa hapa. Mwaka uliofuata baba yake, ambaye alikuwa injinia, akapata kazi Kenya wakahamia Nairobi. Kwa hiyo utoto wake mkubwa kaukulia Nairobi, ukitoa miaka michache katikati alirudishwa Ujerumani kusoma, na sekondari kaimalizia shule ya Kijerumani ya Nairobi. Kibulgaria cha nyumbani, Kiingereza, Kijerumani, na Nairobi yote ile ya miaka ya sabini nje ya geti. Nikakaa kimya pale kwenye kiti. Yaani alikuwa jirani.

Sasa nieleze na mimi nilikuwa nimesimama wapi, maana bila hivyo hamtaelewa kwa nini huyu mtu aliniumiza kichwa. Mimi nilikuwa naandika tangu sekondari. Kabla sijaja huku nilikuwa nimemaliza mswada wa riwaya, nikaupeleka kwa mchapishaji mmoja huko nyumbani, simtaji, ukakaa kwake mwaka na miezi miwili, kila nikipiga simu naambiwa mhariri anausoma, mwisho wa siku nikaambiwa kitabu ni kizuri ila nichangie gharama za kuchapa. Hela aliyotaja ilikuwa kubwa kuliko nauli ya ndege. Nikachagua ndege.

Nilipofika huku nikasema sawa, hapa ndo kwa wenye vitabu, nitaandika kwa lugha yao. Nikajiunga na darasa la uandishi la jioni, mara moja kwa wiki, tuko watu tisa mweusi mimi peke yangu. Nikaandika hadithi fupi, na nilijitahidi kweli, kamusi mkononi, kuhusu wanawake wawili wanaogombania dirisha kwenye treni ya hapa mjini, mmoja anataka lifunguliwe mwingine lifungwe. Ilikuwa inachekesha, wenzangu walicheka. Mwalimu akasubiri wamalize kucheka akaniuliza kwa upole kabisa, hii nzuri, lakini Afrika yako iko wapi hapa ndani? Wiki iliyofuata nikampelekea kijiji, kisima, bibi na moto wa jioni. Kijiji gani mie sijui, nimekulia mtaa wa mjini, maji ya bomba yalikuwa yanatoka siku mbili kwa wiki. Alikipenda sana. Nikatoka pale najisikia kama nimeuza kitu feki.

Ndo maana huyu Mbulgaria alinisumbua. Kwa sababu ukiangalia maisha yake ya kazi, hakukubali kuwa muuza Bulgaria. Riwaya yake ya kwanza ndiyo, 1996, inahusu familia inayokimbia Bulgaria na kambi na ukimbizi, ikaja kutengenezewa filamu 2008. Wangemzoea hapo wangemwambia endelea hivyo hivyo baba, tupe ukomunisti, tupe mpaka wa waya. Yeye akahamia Mumbai akaishi huko miaka kama mitano, akaenda mpaka Makka kuhiji na kuandika kitabu cha hija yake, halafu akakaa Cape Town, halafu Vienna aliko sasa. Akaandika kuhusu Mwingereza na Myao. 2011 akatoa riwaya ya mtaalamu wa barafu yuko melini kuelekea Antaktika anaomboleza barafu inayeyuka. Bulgaria kwenye riwaya akairudia 2015, na alipoirudia aliirudia na mzigo, riwaya nene ya polisi wa siri wa enzi zile na watu waliofungwa, amekaa miaka anaongea na wafungwa wa zamani na kusoma mafaili. Huyo si mtu aliyesahau kwao. Alikataa tu kupangiwa siku ya kukumbuka.

Na kwao si kwa mchezo, niseme hilo. Kuna mwandishi mwingine wa Bulgaria, Georgi Markov, alikimbilia Uingereza akawa anatangaza redioni mambo ya wakubwa wa nchi yake, Septemba 1978 yuko kituo cha basi karibu na daraja la Waterloo pale London akahisi kitu kimemchoma nyuma ya paja, akageuka akaona mtu anaokota mwavuli. Siku nne baadaye akafa, madaktari wakakuta kijidude kidogo kama kichwa cha pini kilichobeba sumu ya risini. Nikisoma habari kama hizo halafu nakumbuka mimi nilikuwa nalia kwa sababu ya darasa la jioni, naona aibu kidogo. Kidogo tu lakini.

Kitu cha pili kilichonichelewesha usingizi ni hesabu ya miaka. Mi nilikuwa na haraka, nilitaka nifike Ulaya leo, kesho kitabu. Huyu mtu kakimbia 1971, riwaya ya kwanza 1996. Miaka 25! Katikati alifanya nini? Alianza chuo hapa München 1984, sheria na etnolojia, yaani elimu ya jamii za watu na mila zao. 1989, hajafika hata 25, akafungua nyumba ndogo ya uchapishaji akaipa jina la Kyrill na Method, wale ndugu wawili ambao Wabulgaria wanawaenzi kwa kuwapatia watu wa huko alfabeti yao mpaka kuna sikukuu yao kila tarehe 24 Mei. 1992 akafungua nyingine, Marino, hiyo ilijikita kabisa kwenye fasihi ya Afrika. Yaani kabla hajatoa riwaya yake alikuwa anahangaika kutoa za Waafrika kwa Kijerumani. Na vitabu vyake vya mwanzo kabisa vilikuwa vya Afrika Mashariki, maisha ya watu na safari.

Kwa hiyo ile picha niliyokuwa nayo ya mwandishi aliye nje, anakaa kwenye fleti anaangalia mvua dirishani anaikumbuka nyumbani halafu kitabu kinatoka, hiyo futa. Mwandishi huku nje anabeba maboksi. Anasoma miswada ya wengine, anatafsiri, anaandika makala ya gazeti, anapanda treni masaa matano kwenda kusoma kurasa 20 mbele ya watu 30 kwenye maktaba ya mji mdogo, na hiyo ya mwisho inalipwa, huku msomaji ananunua tiketi kuja kumsikia mtu akisoma kitabu ambacho angeweza kukisoma mwenyewe kitandani, mwanzoni sikuamini. Kuna miji inampa mwandishi nyumba na posho akae humo aandike, anaitwa mwandishi wa mji, yeye alikuwa wa Mainz mwaka 2007. Kulikuwa pia na tuzo ya Chamisso, ya wanaoandika Kijerumani wakati si lugha waliyozaliwa nayo, akapewa 2000, na jina la tuzo ni la Mfaransa aliyekimbia mapinduzi ya kwao akawa mwandishi wa Kijerumani karne ya 19. Hiyo tuzo wameisimamisha 2017. Mimi na wenzangu tumeshabishana sana kama tuzo ya namna hiyo ni heshima au ni meza ya wageni iliyowekwa pembeni kidogo ya ukumbi, mi naona yote mawili, na chakula cha meza ya wageni ni kile kile, ukipewa kula.

Lakini haya yote bado hayajafika pale paliponichoma. Paliponichoma ni miguu. Ili aandike sehemu ya Tanzania, jamaa alikuja akatembea. Kwa miguu, miezi mitatu, akifuata njia ya Burton kuelekea Ziwa Tanganyika. Burton na Speke waliondoka pwani Juni 1857 wakafika Kazeh Novemba, zaidi ya siku 130, Februari ya 1858 ndo wakaona ziwa. Mimi Tabora nimezaliwa, nimesoma, nimepanda basi la Dar mara ngapi sijui, nimelala njia nzima kichwa kimeegemea kioo. Sasa nani hapo mwenyeji? Wakati ule nilikuwa bado na ile hasira ya kwamba mzungu ametuandika tena, na hasira hiyo ina haki yake sijaitupa, kuna kurasa humo naona Burton kapendwa kupita kiasi na ile sehemu ya India niliruka nyingi. Ila siwezi kumwambia mtu hukustahili kuandika kwetu wakati yeye amepitembea na mimi nimepalala.

2022 nikapata likizo ya wiki nne nikaenda nyumbani. Siku ya tatu nikamwambia mama nakwenda Kwihara, kule kwenye tembe aliyokaa Livingstone, akaniuliza una homa? Watalii ndo huwa wanaenda kule. Nikachukua boda. Ile tembe nikaiangalia robo saa ikaisha, picha za ukutani, kitabu cha wageni, basi. Kilichonipa kitu ni mzee niliyemkuta nje chini ya mwembe anashona mpini wa jembe kwa mpira wa tairi. Nikamwamkia shikamoo baba, akaitika marahaba, we mtoto wa nani? Nikajieleza, ukoo wa baba, ukoo wa mama, mpaka akapata pa kunishika, akasema aa, basi kaa. Nikamuuliza kuhusu wapagazi. Hakunijibu, akaendelea kuzungusha mpira kwenye mpini, anauvuta kwa meno, halafu akanyoosha jembe kuelekea barabarani akasema ile miembe unaiona ilivyokaa kwa mstari, hiyo hakuna aliyeipanda kwa kamba. Wanatembea wanakula wanatupa kokwa. Ukiona mingi imeshonana ujue hapo walilala.

Nimepita chini ya hiyo miembe maisha yangu yote. Nimeipiga mawe.

Nikamlipa boda aondoke nikarudi mjini kwa miguu, kilomita kama sita, saa saba mchana, na ofkozi kandambili ikakatika njiani nikaifunga kwa mfuko wa rambo. Nilihesabu sehemu nne ilikoshonana. Nilifika nyumbani mama akacheka mpaka akakaa chini.

Mngetegemea hapo niandike sasa riwaya ya wapagazi wa Tabora. Nilijaribu, ipo, kurasa 60, imelala, siku yake itakuja nadhani. Kilichotokea ni kwamba niliporudi München kazini nikaanza kusikiliza tofauti. Kwenye korido yangu kuna bibi mmoja, nimebadilisha mambo mawili matatu asitambulike, ambaye kila chakula cha jioni anachukua kipande cha mkate anakifunga kwenye leso ya karatasi anaweka mfukoni, usiku anakihamishia chini ya mto. Wenzangu wanavitoa asubuhi wanatupa, kuna mmoja anakasirika kwa sababu ya sisimizi. Mimi nilikuwa navitupa pia. Huyu bibi usiku wa manane anaamka anauliza treni imeshakuja? Nilikuwa najibu bado bibi, lala. Nikadhani ni usahaulifu wa uzee tu, ndivyo tulivyofundishwa, mjibu kwa utulivu mrudishe kitandani.

Usiku mmoja badala ya bado lala nikamuuliza, treni ya kwenda wapi? Akaniambia. Ilichukua wiki kadhaa kuunganisha, maana anatoa kipande leo kipande keshokutwa, na mengine nikaja kuyapata kwenye vitabu. Alizaliwa Bohemia, upande ambao leo ni Jamhuri ya Czech. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia Wajerumani wa huko wapatao milioni 3 walifukuzwa, wengi wakaletwa Bavaria hapa, mtu na mzigo wake wa kilo 50 na pengine chini ya hapo. 1946 yeye alikuwa mtoto wa miaka saba kwenye behewa la mizigo. Waliofika huku waliitwa wageni na Wajerumani wenzao, wakachekwa jinsi wanavyoongea. Na mimi miaka yote nilikuwa najua kwenye lile jengo mgeni ni mimi.

Huyo ndo naandika sasa. Bibi wa Kijerumani, mkate, treni, na mhudumu wa usiku kutoka Tabora ambaye haongei sana. Naandika kwa Kiswahili, tena kile cha nyumbani, sikupiga kura wala sikufanya uamuzi mkubwa, nilijaribu sura ya kwanza kwa Kijerumani nikaona nasahihisha vimalizio vya maneno badala ya kumsikiliza bibi. Trojanow aliandika Kijerumani na alikuwa na sababu zake, Elias Canetti naye aliyezaliwa Ruse, huko huko Bulgaria, aliandika Kijerumani akapata Nobel 1981. Gurnah wetu kaandika Kiingereza akapata 2021. Sibishani na mtu hapo. Mi hiki kitabu kinakuja kwa sauti ya mama akichambua mchele, sasa nifanyeje?

Na mama ndo mhariri wangu, maana sina mwingine. Nikimaliza sura naisoma kwenye wasapu, sauti ya dakika 20, namtumia. Anaisikiliza akiwa na kazi zake, anajibu kwa sauti ya dakika tano ambayo dakika nne ni jirani kavunja uzio, mbuzi wameingia, luku imeisha, halafu mwishoni kabisa ndo hadithi. Kwenye ile sura ya 1946 alisema hivi, haya mwanangu nimesikia, huyo mtoto kapanda treni na mkate wake, sawa, lakini mama yake mbona hujamtaja tena, naye alipanda au alibaki pale chini?

Nimeirudia hiyo sauti mara tatu. Nilikuwa sijaliona kabisa. Leo naingia saa tatu kasorobo usiku ila bibi mwenyewe siku hizi haongei, anashika mkono tu. Binti yake huwa anakuja Jumapili mchana na keki ya matufaha, na mimi Jumapili niko mapumziko. Nitaenda hivyo hivyo.